Mayai hayako majini: pipa, birika na chikungunya Lamu

Mwaga maji yote ya pipa, lianike juani siku mbili, lijaze tena, na baada ya wiki unaweza kukuta viluwiluwi wamejaa vile vile. Watu husema mbu wameingia upya. Mara nyingi hawakuingia, walikuwamo tangu mwanzo. Mbu anayeeneza homa za chikungunya na dengi hatagi juu ya maji. Hutaga kwenye ukuta wa chombo, pale penye unyevu, kidole kimoja au viwili juu ya usawa wa maji, na kila yai hulibandika peke yake. Yai lenyewe ni jeusi na urefu wake haufiki milimita moja, kwa hiyo ndani ya pipa la rangi nyeusi huwezi kuliona. Likishapata siku mbili tatu za kukomaa kwenye unyevu, linaweza kukauka likakaa hata miezi minane likiwa hai. Siku maji yatakapopanda yakalifunika, litaanguliwa.

Ndiyo maana kumwaga maji hakutoshi. Kumwaga kunaua viluwiluwi, lakini yai linang'olewa kwa brashi. Nalisema hili mapema kwa sababu kampeni nyingi za usafi huishia kwenye “mwaga maji yaliyotuama” na haziendi hatua ya pili, na hapa kwetu hatua ya pili ndiyo yenye kazi.

Lamu ina sababu ya kulijua jambo hili kuliko mahali pengi. Katikati ya mwaka 2004 kisiwa hiki kilikumbwa na homa kali yenye maumivu ya viungo yaliyowafanya watu washindwe hata kushika kikombe. Ilikuwa chikungunya, ugonjwa wa kirusi ambao ulikuwa umetambuliwa mara ya kwanza nchi jirani ya Tanganyika, upande wa Newala, mwaka 1952 na 1953. Damu ya baadhi ya wakazi ilipopimwa baadaye, watu 75 katika kila 100 walikutwa na dalili kwamba wameshaambukizwa, na watafiti wakakadiria walioupata kisiwani ni kama 13,500. Mwishoni mwa mwaka huo ugonjwa ulikuwa Mombasa. Mapema mwaka 2005 ulikuwa Ngazija, ukavuka hadi Réunion, ambako kufikia 2006 ulikuwa umempata karibu mtu mmoja katika kila watatu, kisha India, ambako wagonjwa waliodhaniwa kuwa nao walizidi milioni moja.

Jambo ambalo watu hulishangaa ni hali ya hewa ya wakati ule. Haikuwa mvua nyingi. Mvua zilikuwa haba na joto lilikuwa juu ya kawaida. Mbu wa malaria hupenda madimbwi ya mvua, lakini huyu wa chikungunya hutegemea maji tunayojiwekea wenyewe. Maji ya mfereji yakiwa ya kubahatisha, mtu hujaza kila chombo alichonacho na haoshi hata kimoja, kwa kuwa akikimwaga hajui atakijaza lini. Ukame wa 2004 uliigeuza kila nyumba kuwa ghala la maji yasiyobadilishwa. Kwa hiyo miezi ya kiangazi, mifereji inapokauka na punda wanapoanza kubeba mitungi kutoka visimani, ndiyo ya kuongeza juhudi.

Aliyeugua wakati ule kwa kawaida hupata kinga ya kudumu dhidi ya chikungunya. Waliozaliwa baadaye, na waliohamia kisiwani baadaye, hawana kinga hiyo. Hao sasa ni wengi sana, wakiwamo watoto wote wa shule.

Mbu gani hasa

Jina lake la kitaalamu ni Aedes aegypti. Ni mweusi, ana pete nyeupe miguuni na michirizi myeupe mgongoni. Huuma mchana, zaidi saa mbili tatu za kwanza baada ya jua kuchomoza na saa mbili tatu kabla ya kuzama. Hupenda vifundo vya miguu. Hana kelele nyingi sikioni. Hupumzika ndani ya nyumba mahali penye kivuli: chini ya kitanda, nyuma ya pazia, ndani ya kabati, kwenye nguo zilizotundikwa. Nyumba za mawe za Lamu, zenye vyumba virefu vya giza na ubaridi, zinamfaa mno.

Yule wa usiku anayepiga kelele ni mwingine, na anazaliwa kwenye maji machafu ya mitaro na mashimo ya vyoo. Huyo ni mmoja wa wanaoeneza matende na mabusha hapa Pwani. Kwake dawa ni nyingine kabisa. Huko Makunduchi, Unguja, chengachenga za polistirini ziliwahi kumwagwa kwenye mashimo ya vyoo zikafunika uso wa maji na kufanya kazi nzuri sana. Usimchanganye na huyu tunayemzungumzia, maana mtu anaweza kuzibua mtaro wote wa mtaa na chikungunya isipungue hata kidogo. Huyu wetu anataka maji safi.

Kukagua

Chukua tochi na bakuli jeupe. Fungua pipa taratibu bila kuligonga, kwa sababu viluwiluwi wakiona kivuli au wakihisi mtikisiko huzama chini mara moja, nawe utaapa kwamba maji ni masafi. Simama bila kutikisika kwa dakika mbili tatu. Watapanda wenyewe kuvuta hewa, maana hawana namna ya kupumua chini. Utawaona wananing'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji. Wakilala sambamba na uso wa maji, hao ni wa malaria, jambo ambalo ni nadra ndani ya pipa. Chota kwa bakuli haraka, pembeni mwa chombo, si katikati. Kwenye weupe wa bakuli hata wadogo wa siku ya kwanza huonekana.

Angalia pia wale waliojikunja, wenye kichwa kikubwa. Hiyo ni hatua ya mwisho, hawali tena, na baada ya siku mbili hivi watakuwa wameruka. Ukiwaona hao, fahamu kwamba chombo hicho kina karibu wiki au zaidi hakijaguswa. Katika joto la hapa, kutoka kuanguliwa hadi kuruka huchukua siku saba hadi kumi. Hapo ndipo inapotoka kanuni ya mara moja kwa wiki. Chagua siku moja na usiibadilishe. Ukisogeza kutoka Alhamisi hii hadi Jumatatu ya wiki inayofuata, umeshawapa siku kumi na moja.

Kusugua pipa

Panga uoshaji siku maji yamebaki kidogo. Yaliyobaki yachuje kwa kitambaa safi cha pamba ndani ya ndoo, usiyatupe bure. Kitambaa ukikung'ute kwenye mchanga mkavu wa moto. Kisha changanya dawa ya klorini ya kufulia na sabuni ya unga mpaka iwe nzito kama uji, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, na upake ukuta wa ndani wa pipa, hasa ule ukanda unaoanzia mahali maji hufika yakiwa mengi hadi mahali huishia yakiwa machache. Klorini nzito namna hiyo hulitoboa yai. Acha dakika kumi hadi kumi na tano. Halafu sugua kwa brashi ngumu, kwa nguvu, mzunguko mzima, usiruke mikunjo ya plastiki wala kiungo cha chini. Suuza mara mbili na umwage maji hayo juani juu ya mchanga, kamwe si ndani ya chombo kingine wala kwenye mtaro uliotuama.

Makosa ninayoyaona ni yale yale. La kwanza ni kutumia kitambaa laini badala ya brashi. Yai limegandishwa, kitambaa kinalipitia juu tu. La pili ni kusugua chini ya pipa na kuacha ukingo wa juu, wakati mayai yako juu. La tatu ni hatari: kuchanganya klorini na siki, ndimu, au ile dawa ya kusafishia choo yenye asidi ili “iwe kali zaidi”. Hutoka gesi ya sumu, na bafuni kwetu hakuna upepo wa kuitoa. Klorini na sabuni ya kawaida, basi.

Na klorini unayoweka kwenye maji ya kunywa ili kuua vijidudu vya kipindupindu na kuhara haiui viluwiluwi. Kipimo chake ni kidogo mno kwao. Endelea kuiweka kwa kazi yake, lakini usiihesabu kwa hili.

Kifuniko kinachofunika na kisichofunika

Pipa lenye kifuniko kibovu ni baya kuliko lililo wazi, kwa sababu mbu jike hupenda giza na utulivu, nawe huwezi kuona kinachoendelea. Ubao uliowekwa juu na kuacha upenyo wa kidole haufuniki chochote. Bati lililobonyea katikati hukusanya maji ya mvua juu yake na kuwa chombo cha pili. Kitambaa cha neti kikilegea kikagusa maji, mbu hutua juu yake na kutaga. Kinachofaa ni kipande cha neti yenye matundu yasiyozidi milimita 1.2, kikavutwa kikakaza, kikafungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli kuzunguka mdomo wa pipa, na kifuniko kikawekwa juu yake. Mpira wa namna hiyo hukaza vizuri na mtoto wa miaka minane anaweza kuuvua na kuurudisha, ambayo ndiyo siri ya kifuniko kudumu. Kifuniko kigumu kufungua kitaachwa wazi ndani ya siku tatu.

Tangi la juu lina sehemu tatu za kutazama: mfuniko, tundu la hewa, na bomba la kumwagia maji ya ziada. Hili la mwisho ndilo husahaulika. Lifunge mdomo kwa neti ile ile na waya. Ukiwa huko juu, angalia sakafu ya paa kama kuna mabonde yanayoshika maji baada ya mvua, na uyazibe kwa lipu.

Birika

Birika la bafuni, yaani lile tangi la kuhifadhia maji ya kuoga, lina ugumu wake. Limejengwa, huwezi kuligeuza, na lipu ya chokaa ya zamani ina nyufa na vinyweleo ambamo brashi haiingii. Wazee wa Lamu walikuwa na jibu, nalo lingali bora: samaki wadogo ndani ya birika. Samaki wachache hula viluwiluwi wote wanaoanguliwa, mayai yabaki ukutani au yasibaki. Masharti ni machache lakini hayakwepeki. Usiwalishe, kwa sababu akishiba mkate hana haja ya viluwiluwi. Usimimine klorini wala maji ya mfereji yenye harufu yake moja kwa moja. Yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha kwanza. Sabuni isidondokee ndani, choteni kwa kata na kuogea pembeni. Na kagueni kila wiki kama wangali hai, kwa kuwa wakifa birika hurudi kuwa kitalu cha mbu ndani ya siku kumi. Nyumba nyingi zilipokarabatiwa, mabirika yalibaki kama pambo na samaki wakaondolewa. Kama hamtaki samaki, likausheni kabisa au lijazwe mchanga.

Nyumba zilizofungwa ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi mjini. Huyu mbu haendi mbali, wengi hawavuki mita 200 kutoka walipozaliwa. Mahali penye viwanja vikubwa mita 200 ni majirani wachache. Lamu ni mtaa mzima. Nyumba moja ambayo mwenyewe yuko ng'ambo, yenye birika, kisima kisichofunikwa na bwawa la kuogelea lililoachwa, inalisha vichochoro vyote vinavyoizunguka. Mlinzi wake anajulikana kwa jina. Mwendeeni kwa upole, mwonyesheni viluwiluwi kwenye bakuli jeupe. Anayewaona kwa macho yake hahitaji kushawishiwa sana.

Dawa ya kuweka majini

Chombo kisichoweza kusuguliwa wala kuwekwa samaki kinaweza kutiwa temefosi, ambayo huja ikiwa kwenye chembe za mchanga za asilimia 1. Kipimo ni gramu 1 kwa kila lita 10 za maji: gramu 20 kwa pipa lililojaa la lita 200, gramu 100 kwa tangi la lita 1,000. Hicho ni miligramu 1 ya dawa kwa lita, na Shirika la Afya Duniani halikubali kuzidi hapo kwa maji ya kunywa, kwa hiyo pimeni kwa mizani, msikisie kwa kiganja. Hudumu wiki nane hadi kumi na mbili kama chombo hakisafishwi. Ukisugua pipa umeitoa, anza upya.

Ipo nyingine ninayoipenda zaidi kwa sababu yenyewe ni kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho: bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, aliyegunduliwa mwaka 1976. Viluwiluwi humla, na chembechembe za protini alizobeba hupasua utumbo wao. Hamdhuru samaki wala mtu. Udhaifu wake ni kwamba hudumu muda mfupi, na hawaui wale waliojikunja, kwa sababu hawali. Ukiweka leo na kesho ukaona mbu wapya wanaruka, dawa haijashindwa, hao walikuwa wameshapita.

Moshi wa kunyunyizia mitaani huua mbu waliokwisha kuruka na walio nje. Waliolala chini ya vitanda hawafikiwi, na mayai na viluwiluwi hawaguswi. Una nafasi yake mlipuko ukiwa umeshawaka. Ila nisingependa mtu auone moshi ukipita halafu aache pipa lake.

Usisahau vidogo: vifuu vilivyotupwa, vyombo vya kuku, sahani za chini ya vyungu vya maua, trei ya nyuma ya friji, matairi yanayofungwa ubavuni mwa boti, dau lililopandishwa pwani na kujaa maji ya mvua. Maji ya chumvi hayamfai, kwa hiyo chombo kilicho baharini si shida. Hori la punda lisuguliwe kama pipa.

Homa ikishaingia

Chikungunya huanza siku tatu hadi saba baada ya kuumwa na mbu. Homa hupanda ghafla, mara nyingi kupita nyuzi 39, na viungo huuma pande zote mbili kwa pamoja: viganja, vifundo vya miguu, vidole. Upele unaweza kufuata. Wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili, lakini kwa baadhi maumivu hukaa miezi. Vifo ni nadra. Wa kuangaliwa kwa makini ni wazee, wenye maradhi ya muda mrefu, na mtoto ambaye mama yake ana homa wakati wa kujifungua, kwa sababu anaweza kuambukizwa saa hiyo hiyo.

Andika tarehe homa ilipoanza na uende nayo hospitali. Malaria lazima ipimwe kwanza. Ikiwa haipo, kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe hufaa siku tano hivi za mwanzo, na baada ya hapo hutafutwa kinga ya mwili kwenye damu. Bila tarehe, majibu yanaweza kupotosha. Na mgonjwa asikubali kirahisi kuandikiwa viuavijasumu vya homa ya matumbo kwa kipimo kimoja cha haraka cha Widal. Kipimo hicho peke yake hakiaminiki, na viuavijasumu haviwezi kirusi.

Dawa ya kuua kirusi hiki hakuna. Kinachotolewa ni maji mengi, mapumziko na parasetamoli: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Mtoto ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, si zaidi ya mara nne kwa siku. Wa kilo 10 anahitaji 150, na kama chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni kama mililita 6. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisitumiwe mpaka dengi iwe imeondolewa kwenye orodha, kwa sababu zinaweza kuzidisha kuvuja damu.

Dengi si jambo la mbali. Mlipuko wa kwanza kuandikwa Kenya ulikuwa hapa Pwani, Malindi na Kilifi, mwaka 1982, na mbu ni yule yule. Ina aina nne. Kuugua moja hakukukingi na nyingine, na ya pili yaweza kuwa kali zaidi. Mtego wake ni kwamba hatari huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati nyumba nzima imeshatulia. Tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, fizi au pua kutoka damu, mikono kuwa baridi, mtu kulegea au kuhangaika bila sababu: ukiona hata moja, mpeleke hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku na inabidi kutafuta boti.

Kwa wiki ya kwanza mgonjwa alale ndani ya neti, mchana pia. Yeye hamwambukizi mtu kwa kumgusa, ila damu yake siku hizo imejaa kirusi, na kila mbu anayemuuma mchana anaweza kukipeleka kwa jirani. Siku hiyo hiyo aliyougua kabla jua halijazama, mtu mwingine wa nyumba ashike tochi na bakuli akague kila chombo cha maji, na majirani wa pande zote nne waambiwe wakague vya kwao.